Mama mkwe anataka Muscat mwezi wa sita, na mimi nishapangiwa kulea watoto watano

Anti shikamoo. Jina langu naomba lisitoke maana wifi yangu anakusoma.

Mi nina miaka 33, nimeolewa, tunakaa Dar, nina watoto wawili, binti ana miaka 4 na mdogo wake miezi 11, huyu bado ananyonya na usiku anaamka kama mlinzi wa getini. Mume wangu kwao Unguja, ni mtu mzuri sina la kumsema sana, ila mbele ya mama yake anageuka mtoto wa darasa la pili.

Iko hivi. Mama mkwe ana mdogo wake wa kike aliolewa Muscat mwaka 1976, akaondoka Unguja ndo basi tena. Mara ya mwisho kuonana ana kwa ana ilikuwa 2003, alikuja msibani kwa baba yao. Toka hapo ni simu, sa hivi ni video za wasap, kila Ijumaa mchana wanaongea lisaa zima na wote wawili wanamalizia kwa kulia. Mwaka huu mama kasema basi, yeye ana 69, mdogo wake ana 66, "nisubiri nini, nisubiri nikamwone kwenye sanda?" Mume wangu hakujibu kitu, akatoka nje, aliporudi akasema tunaenda. Wote.

Wote maana yake watu 10. Mama mkwe, baba mkwe ambaye ana 74 na sukari, anachoma sindano, na magoti yanamsumbua, sisi wanne, na wifi yangu na watoto wake watatu, wa 8, wa 6 na wa 3. Mume wake haendi, anasema kazi zimembana (na mi naanza kumwona ndo mwenye akili kuliko wote). Wiki 2, mwezi wa sita shule zikifunga, tunafikia kwa mama mdogo huko Seeb, hapo pembeni ya Muscat, tumetengewa vyumba viwili.

Wakafungua grupu la wasap la safari. Anti we, hilo grupu! Wifi anatupia picha za milima ya kijani na ukungu, anasema watoto watacheza kwenye mvua. Mama mkwe kasomewa majina ya nyumba za kwenda kusalimia, nimehesabu 14, yaani kila siku nyumba. Mi nikauliza kwa upole tu, watoto wadogo itakuwaje kwenye mizunguko yote hiyo, mama akatuma voisi, "we si unanyonyesha mwanangu, utabaki nyumbani na watoto, sisi tutazunguka kidogo tukirudi tutakukuta." Wifi akaweka kikatuni cha kupiga makofi. Mume wangu akaisikiliza, nimeona tiki za bluu, kimya.

Siogopi bure. Miaka miwili iliyopita tulienda Mombasa kwenye harusi ya ndugu yao, siku 5, nikaishia kukaa na watoto wote, wakati huo wa kwangu ni mmoja, wenzangu wanaenda kupaka hina, wanaenda Old Town, wanaenda kula mabuyu na viazi karai, mi nachemsha uji. Siku ya nne nikasema nitoke nao pwani, wa wifi wa katikati akajikata mguu na chupa, weeeh, nililaumiwa mimi mpaka Tanga. Nilirudi nimechoka kuliko nilivyoondoka, Jumatatu ofisini.

Na hii safari tunalipa sisi. Tiketi zetu na za wazee, mume wangu kachukua mkopo kazini na mimi natoa kwenye kikoba. Wifi akiulizwa za kwake anasema "tutaangalia". Likizo yangu ni siku 28 kwa mwaka mzima, nusu yake ndo hiyo nikawe yaya wa watoto watano ugenini, kwenye nyumba ya watu ambao hata sijui jikoni kwao pako vipi.

Nikimwambia mume wangu anasema "vumilia, wiki mbili tu, yule ni mama." Nimefikia kusema nibaki Dar na wanangu waende wao. Lakini nikibaki nitakuwa yule mke aliyemnyima bibi wajukuu zake siku aliyowahitaji. Tiketi zinalipwa mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Mke wa Mwana, Dar

*

Marahaba mwanangu. Kwanza nimecheka hapo kwa tiki za bluu, nisamehe, maana nimezijua hizo tiki.

Nianze na mama mkwe, na usinikasirikie. Hilo neno likizo unalolitumia wewe sidhani kama kalitamka hata siku moja, sivyo? Yeye haendi likizo. Anaenda kuzuru. Mtu aliyeagana na mdogo wake mwaka 1976 akamwona tena mara za kuhesabu, zile nyumba 14 kwake si mizunguko, ni deni. Watu wengi wa Unguja na Pemba wana ndugu kule, wengine walitoka baada ya 1964, wengine walienda baada ya 1970 Sultan Qaboos alipoingia na kuwaita watu wa asili ya Oman warudi, wengine walifuata ndoa kama huyo mama mdogo. Utafika Seeb utakuta watu wazima wanaongea Kiswahili kizuri kuliko chetu hiki cha daladala. Kwa hiyo ndani ya tiketi moja mmepakia safari mbili, ya kwake ya kuzuru na ya kwako ya kupumzika na watoto, na hakuna aliyekaa kusema hivyo, ndo maana ya kwako imemezwa.

Usibaki Dar. Lakini pia usiende kama ilivyopangwa.

La kwanza, mwezi. Nani kachagua mwezi wa sita? Muscat mwezi wa sita nyuzi joto 40 na kuendelea ni kawaida, na usiku huwezi kusema sasa pamepoa. Iko sehemu inaitwa Quriyat, pwani kusini ya Muscat, mwaka 2018 tarehe 26 Juni siku nzima usiku na mchana joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, dunia nzima iliongelea. Serikali yao yenyewe Juni mpaka Agosti inakataza vibarua kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana. Sasa hapo unampeleka mtoto wa miezi 11 na mzee wa 74 mwenye sukari. Na zile picha za wifi za ukungu si za Muscat hata kidogo! Hiyo ni Salalah, kusini kabisa, kilomita kama 1,000 kutoka hapo Seeb, na msimu wake wenyewe unaanza mwishoni mwa Juni, Juni ikianza tu hata Salalah hakujawa kijani hivyo. Mwambie kwa upendo, kabla hajawanunulia watoto makoti ya mvua.

Disemba shule zinafunga pia. Muscat ya Disemba mchana ni kama nyuzi 25, jioni unataka kisweta chepesi, bibi anakaa barazani, watoto wanakimbia nje. Tiketi za Disemba huwa zinapanda, kweli, ndo maana zinunuliwe mapema, na hiyo miezi ya katikati wifi apate muda wa "kuangalia". Mtoto wako naye atakuwa anatembea na anakula vyakula vya watu wote, si titi kila lisaa.

Wewe usiseme. Atakayeongea ni mwanawe, na asiongelee kwenye grupu, kwenye grupu mama hawezi kukubali kitu mbele ya wifi yako, ni kumvunjia heshima. Aende kwao jioni, aketi, wanywe chai, amwambie, mama, baba na hili joto na sukari yake naogopa, twende Disemba mkae na mama mdogo kwa raha. Hapo hakuna uongo hata chembe. Na kwenye chai hiyohiyo aseme na la pili, kwamba mke wangu haendi kubaki nyumbani na watoto, anaenda kuwaona ndugu zangu kama sisi. Aseme "mimi nataka hivi mama," asiseme "mke wangu analalamika." Hapo ndo wanaume wengi wanaharibu, anabeba maneno yako anayafikisha mazimamazima kama tarishi halafu wewe unakuwa mbaya wa ukoo mpaka Idi ijayo. Kama kachukua mkopo kwa ajili ya mama yake, hata sentensi mbili hawezi?

Malazi sasa. Vyumba viwili watu 10 wiki 2, mwanangu mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe, na hilo jembe tunajua watampa nani. Mi ningegawa. Wazee wakae kwa mama mdogo, hapo ndo pao, dada wawili walale chumba kimoja wacheke mpaka alfajiri. Nyie mpange apatimenti ndogo hapohapo Seeb au karibu, vyumba viwili, jiko na mashine ya kufulia. Kukataa nyumba ya ndugu ni tusi, najua, kwa hiyo hamkatai. Mnasema mtoto analia usiku hatutaki kuwaamsha wenye nyumba, ambayo ndo kweli yenyewe, na kila siku chakula kimoja mnaenda kula kwa mama mdogo, na mnabeba kitu mkononi. Siku mbili za mwanzo mlale kwake kabisa ili moyo wake utulie. Wifi na wanawe achague akae wapi, ila chumba cha pili cha apatimenti si cha watoto wake watatu bila yeye. Liseme hilo mapema tena huku unatabasamu.

Na wifi hapo nikuulize, kule Mombasa siku ya kwanza walipokuachia watoto, ulisema nini? Nina uhakika ulisema "hamna shida". Siku ya pili ukasema tena. Siku ya tatu hakuna aliyekuuliza, walishajua hamna shida. Sikulaumu, ugenini kwa wakwe ulimi unakuwa mzito, lakini huyu si mama mkwe, huyu ni mwenzio wa rika, kwake unaweza kusema mwenyewe. Mpigie, usiandike. "Wifi safari hii tupokezane, asubuhi moja wewe unakaa nao wote mi natoka, asubuhi nyingine mimi, na jioni kila mtu na wake." Akisema tutaangalia, mwambie sawa wifi, kwa hiyo mpaka tuangalie kila mtu na wake. Na mume wako naye ana zamu, hao wawili si wa kwako peke yako, mwanamme kubeba mtoto kifuani pale Qurum ufukweni hakuna atakayemshangaa.

Pesa. Riali moja ya Oman ni kama dola 2.6, na inagawanyika baisa 1,000, kwa hiyo mtu anaona kitu riali 3 anasema aa bei ya chee, kumbe akipiga hesabu ya shilingi anakaa chini. Watu 10 bila mfuko wa pamoja mtagombana kwenye kaunta ya juisi. Wekeni mfuko, kila mtu mzima anayefanya kazi anatia kiasi kilekile kabla ya kuondoka, wa kulipia gari, mafuta na chakula cha nje. Ninyi mmebeba tiketi za wazee, hiyo baraka yenu. Tiketi za wifi hazimo kwenye baraka hiyo mpaka mume wako aseme wazi zimo, na akisema zimo ajue zinatoka kwenye mshahara gani.

Zile nyumba 14 sasa. Kule wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, siku nyingine watu wako makazini na watoto wako shule, hivyo hata wenyeji hawataki wageni 10 Jumanne mchana. Muombeni mama mdogo, yeye mwenyewe, aite watu kwake Ijumaa mbili hizo, waje wao. Nyumba 14 zinageuka majlisi moja, kahawa, tende na halwa, wajukuu wanaonwa na kila mtu kwa mkupuo, mtoto akisinzia chumba kipo. Zitabaki nyumba tatu nne za wagonjwa na wazee sana ambazo ni lazima mguu ufike, na huko mama mkwe aende na mdogo wake bila msafara.

Siku zilizobaki, siku moja jambo moja. Hili nimelijifunza kwa machozi, nilienda na mama yangu na wanangu wawili wadogo, siku ya tatu tukajikuta kwenye paking ya supamaketi, mama kanuna, mtoto katapika, mimi nalia, na tulikuwa tumepanga mambo manne siku hiyo. Muscat yenyewe inakusaidia, mchana maduka mengi ya soko la Muttrah yanafungwa mpaka jioni, basi na nyie lalani. Jioni mteremke Muttrah, pale kando ya bahari pana njia pana ya kutembea, kigari cha mtoto kinapita, bibi akichoka anakaa kwenye benchi anaangalia majahazi. Mshikaki wa barabarani wanauita mishkaki vilevile, watoto hawatakuwa wageni.

Msikiti mkuu wa Sultan Qaboos mwende asubuhi, lile zulia la ukumbi mkubwa limefumwa na wanawake 600 kwa miaka 4, baba mkwe atataka kukaa, mwacheni akae. Siku ya Nizwa iwe Ijumaa alfajiri, kama kilomita 160, lami safi, kuna mnada wa mbuzi na ng'ombe chini ya ngome, wanazungushwa duara watu wanapiga bei, wa miaka 6 na wa miaka 74 watafurahi sawasawa. Kwa hiyo mwambieni mama mdogo Ijumaa hiyo watu waje baada ya Alasiri. Wadi Shab, bonde la milimani lenye maji, wifi akiiona kwenye simu atataka, ni nzuri lakini ni kuvuka kwa boti halafu kupanda mawe dakika 40 na zaidi ndo uogelee, hapo si pa magoti wala pa mbeleko. Wadi Bani Khalid ndo saizi yenu, mbali kidogo lakini njia imesakafiwa, kivuli kipo na chakula kinauzwa.

Vidogovidogo: insulini ya baba isiingie kwenye begi la chini, ikae mkononi na barua ya daktari. Saa za kule zimetangulia zetu kwa lisaa limoja tu kwa hiyo ratiba ya sindano haivurugiki. Mkikata tiketi muombe kiti cha magurudumu kwa baba mkwe hata akisema yeye si mgonjwa, eapoti ni ndefu kuliko anavyodhani. Ndege ya moja kwa moja ni kama masaa matano, mtoto mnyonyeshe ikiruka na ikishuka, masikio yatatulia. Gari la kukodi lije na siti za watoto, na mume wako ajue kule wanaendesha kulia. Viza inaombwa mtandaoni kwa polisi wao, na kila mtoto paspoti yake, hata huyo wa miezi 11, kaanzeni sasa.

Na mume wako akigoma kuongea? Basi we nenda siku 6. Wakae wiki mbili wao, wewe na wanao mtangulie kurudi, tiketi yako inunuliwe hivyo tangu mwanzo si kubadilisha ukiwa kule umevimba. Siku 6 mama mkwe kawaona wajukuu wamepakatwa na mdogo wake, picha imepigwa, umefunga. Nane zinazobaki za likizo yako ukalale kwa mama yako.

Ila sidhani itafika huko. Mwanamme aliyetoka nje asilie mbele ya mama yake, huyo ana moyo, kakosa maneno tu. Msomee haya usiku mtoto akilala, halafu Jumamosi aende kwao akanywe hiyo chai. Tiketi isilipwe hata moja kabla ya Jumamosi.

Anti